Daftari la Choo

Hotuba kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho na wanaowauguza, iliyotolewa ukumbini Area C, Dodoma

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, wagonjwa, na ninyi mnaouguza: mbukwenyi. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana jambo nililoitiwa hapa lenyewe haliijui itifaki. Nimeitwa kuzungumzia tumbo.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Miaka hiyo yote, mtoto akibanwa alinyoosha kidole, akasimama, akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa." Ruhusa ya nini, hasemi. Nami siulizi, naitikia kwa kichwa. Ndivyo tulivyolelewa. Tunajisaidia, tunakwenda msalani, tunakwenda haja, na tukiwa kwenye basi tunachimba dawa. Majina yote hayo tumeyatunga ili tusilitaje jambo lenyewe. Mimi na Baba Neema tuliishi pamoja miaka 38, wala sikumbuki siku niliyomuuliza choo chake kina rangi gani. Ningeanzia wapi? Alipopata saratani ya kongosho, adabu hiyo ilitugharimu wiki tano, na katika ugonjwa huu wiki tano ni nyingi.

Ilikuwa hivi. Kabla hata hajatundikiwa dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, choo chake kilikuwa kimebadilika. Kimepauka, kina mafuta juu kama supu iliyopoa, kinaelea, ukimwagia maji kinazama halafu kinarudi. Harufu yake inabaki mle ndani mpaka mchana. Yeye alikuwa anamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anatoka kimya. Mimi niliona maji yanakwisha upesi kwenye pipa nikajisemea, mume wangu uzeeni amekuwa msafi.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na lina kazi mbili. Moja ni kutoa insulini ya kusimamia sukari kwenye damu, ndiyo maana wengi wenu hapa mnapima sukari ingawa mlikuja kwa saratani. Nyingine ni kumimina kwenye utumbo mdogo majimaji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula, vile tulivyofundisha darasani bila kufikiri kwamba siku moja vitatukosesha usingizi. Uvimbe ukiziba mrija wa kongosho, au upasuaji ukiondoa sehemu yake, vimeng'enya havifiki. Mafuta ya chakula yanapita kama yalivyoingia, na mwili unakufa njaa huku mtu anakula.

Sisi hatukujua. Kemo ilipoanza, akawa anakwenda chooni mara nne, mara tano kwa siku, na kila aliyekuja kutuona alisema ni dawa hizo, zina nguvu. Tukailaumu dawa. Kisha majirani wakaniambia mafuta ndiyo yanayomharisha, niyatoe. Nikayatoa. Singida iko hapo jirani, mafuta ya alizeti tunauziwa mpaka barabarani, na mimi nikawa nampikia mume wangu mchicha wa kuchemsha kama mahabusu. Mkanda wake uliongezwa matundu mawili. Nililaumu kila kitu isipokuwa sufuria yangu.

Aliyetuokoa ni binti mmoja wa lishe pale kliniki, umri wa mwanangu wa mwisho. Alimwangalia Baba Neema usoni akamuuliza, "Baba, choo kinaelea?" Baba Neema akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu. Halafu akasema, "Kinaelea, mwanangu. Tangu Julai."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumbo la mgonjwa huyu linasumbuliwa na watu watatu tofauti. Kuna ugonjwa wenyewe. Kuna kemo. Na kuna dawa tunazompa ili aivumilie kemo, kwa sababu nazo zina mambo yao. Ukimkamata asiye mwizi, mwizi anaendelea kuiba. Kuharisha kwa kukosa vimeng'enya hakuponi kwa kidonge cha kufunga tumbo, na kuharisha kwa kemo hakuponi kwa vimeng'enya. Daktari hawezi kuwatofautisha kwa kumtazama mgonjwa aliyevaa shati safi akijibu "naendelea vizuri". Anahitaji kuambiwa ni mara ngapi, saa ngapi, rangi gani, kinaelea au kinazama, na kilikuja siku ya ngapi baada ya dripu.

Siku hiyohiyo nilinunua daftari la kurasa 96, lile la shule. Nikapiga mistari. Tarehe, siku ya dripu, alichokula, choo, kutapika, joto la mwili, uzito kila Jumamosi. Baba Neema aliliita "rejesta". Mwanzoni alikataa kabisa, akasema hajawahi kuona mwanaume anaandikiwa mahudhurio ya choo. Nilimwambia nimewaandikia mahudhurio watoto wa watu miaka 31, sembuse wewe.

Niseme kidogo juu ya kapsuli za vimeng'enya, maana naona zinatolewa bila maelezo. Kapsuli hizo humezwa na tonge la kwanza. Ukisubiri mpaka unawe mikono, chakula kimeshapita. Mlo ukiwa mrefu, nyingine humezwa katikati. Hazitafunwi wala hazisagwi, kwa sababu punje za ndani zimevikwa ganda la kuzikinga na asidi ya tumboni mpaka zifike kwenye utumbo. Chai ya rangi peke yake haizihitaji, wala kipande cha tikiti. Chai ya maziwa na chapati inazihitaji. Karanga zinazihitaji. Baba Neema alikuwa anadhani kitafunio si chakula, anatafuna karanga kibarazani mchana kutwa bila kapsuli hata moja, halafu anashangaa jioni. Kipimo anapanga daktari, na kama choo bado kinaelea, rudini mseme. Mara nyingi dawa haijashindwa, ila kipimo ni kidogo. Na mafuta hayaondolewi chakulani! Gramu moja ya mafuta ina nguvu maradufu na zaidi ya gramu moja ya wanga, na mtu anayekonda ndiyo anayahitaji. Anachohitaji kando yake ni cha kuyasaga. Pimeni sukari pia mkianza kapsuli hizi, kwa sababu chakula kikianza kuingia mwilini, sukari nayo inaweza kupanda.

Halafu joto. Vikopo vingi vimeandikwa visikae kwenye joto linalozidi nyuzi 25, na ninyi mnaijua Oktoba ya Dodoma chini ya bati. Sisi kikopo chetu kilikaa ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko, sakafuni chumbani, mbali na dirisha. Dashibodi ya gari si kabati la dawa.

Kuna la pili, nalo nalisema kwa heshima mbele ya masheikh. Vimeng'enya hivi hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Jirani yangu mmoja Mwislamu alipolisoma hilo kwenye karatasi ya dawa aliacha kumpa mama yake, na hakumwambia daktari. Baadaye alikwenda kwa sheikh wake, naye akamsomea aya ya 173 ya Suratul-Baqara, inayomwondolea dhambi aliyefikwa na dharura bila kutamani wala kuvuka mpaka. Mama akarudi kwenye dawa. Mimi ni Mkristo, sitoi fatwa. Nasema tu kwamba swali hilo liulizwe mapema na liulizwe kwa wote wawili, daktari na sheikh, kuliko mtu kuamua peke yake usiku.

Sasa kemo yenyewe. Baba Neema alikuwa kwenye mchanganyiko unaoitwa FOLFIRINOX, ambao hurudiwa kila baada ya siku 14. Wengine hapa mko kwenye gemsitabini, ambayo kwa kawaida hulihurumia tumbo zaidi. Kwenye mchanganyiko wetu mna dawa inaitwa irinotekani, na hiyo ikumbukeni kwa jina, kwa sababu ina kuharisha kwa aina mbili. Kuna kuharisha kwa siku ileile, pengine dripu bado inatiririka: jasho linamtoka, mate yanajaa, macho yanatoa machozi, tumbo linanyonga. Usimwambie avumilie mpaka chupa iishe. Mwite muuguzi hapohapo, kuna sindano yake, atropini, na inafanya kazi haraka. Aina ya pili huja baada ya saa 24 kupita, mgonjwa ameshafika nyumbani na wageni wameshakuja kumpa pole. Kwetu ilikuja siku ya tano. Hii ndiyo ninayoiogopa. Inaanza kama tumbo la kawaida la mtu aliyekula kitu kibovu, inamkuta wakati chembe nyeupe za damu zimeshuka, na inaweza kumkausha mtu kwa siku moja.

Tulipewa loperamidi, kidonge cha kufunga tumbo, kabla hatujaondoka hospitali, na maelekezo yaliyoandikwa kwa mkono: vidonge viwili kwenye choo cha kwanza cha maji, kisha kimoja kila baada ya saa mbili mpaka zipite saa 12 bila kuharisha, na ikifika saa 48 bado, rudi. Hicho ni kipimo cha aliyeandikiwa kwa ajili ya dawa hii. Pakiti ya duka la dawa ina kipimo kingine, na daktari wako anaweza kukuandikia kingine tena, kwa hiyo msinakili cha kwangu. Nakisema ili muone kwamba tulikuwa tunaamka usiku kwa saa ya mezani. Na kama kuna homa au damu kwenye choo, hapo loperamidi inakaa mfukoni na mnatafuta gari.

Maji yanayotoka lazima yarudi. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti kama ilivyoandikwa, kunywa kidogo kidogo baada ya kila choo. Zikikosekana usiku, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni kwa kijiko. Kukadiria chumvi kwa vidole ni hatari. Chakula cha siku hizo ni uji wa mchele, viazi mviringo, ndizi mbivu, supu. Maziwa freshi tuliyaweka pembeni, yalikuwa yanamvuruga. Maharage na kabichi vilevile, na ugali wa uwele. Kumnyima Mgogo ugali wa uwele na mlenda kwa siku tisa ni ugomvi ambao sikuutarajia ndani ya nyumba yangu, lakini tulisuluhishwa.

Na kwa sisi tunaosafisha: kwa saa 48 za mwanzo baada ya dripu, kile kinachotoka mwilini kina mabaki ya dawa. Vaeni glavu. Nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Choo kifunikwe kabla ya kumwagiwa maji, na mjamzito asishike kazi hiyo.

Safari. Wengi wetu hapa tumetibiwa Dar es Salaam, na wanaoijua njia ya basi wakiwa na mgonjwa wa tumbo hawahitaji nieleze. Dereva anasimama porini kuchimba dawa anapotaka yeye, tumbo halijamuuliza. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mambo yamekuwa mepesi. Kuna choo ndani na saa ni chache. Kaeni karibu nacho. Chukueni kisado chenye mfuniko, suruali ya pili, khanga mbili, na maji yenu. Baba Neema alikuwa anaona aibu kubeba kisado kwenye treni ya kisasa. Nikakitia kwenye mkoba wa kanisani, wala hakuna aliyejua.

Nimesema wako watatu. Huyu wa tatu ndiye mjanja. Dawa za kuzuia kutapika, hasa ondansetroni, hufunga choo. Mofini ya maumivu hufunga zaidi, na haizoeleki kama usingizi wake unavyozoeleka. Kwa hiyo mgonjwa anayeharisha siku ya tano ni huyohuyo aliyekaa siku tatu bila choo mwanzoni. Bila daftari ungesema tumbo limechanganyikiwa. Aliyeanzishiwa mofini aulize siku hiyohiyo dawa yake ya kulainisha choo, asisubiri mpaka afunge. Papai, maji, kutembea hadi getini na kurudi. Na hapo ndipo uwele na mlenda viliporudi mezani kwa shangwe. Ila sikieni hili: akikosa choo na hata hewa haitoki, tumbo limejaa, anatapika chakula alichokula jana, msimpe cha kulainisha. Huenda njia imeziba. Mpelekeni.

Kichefuchefu nitakipitia haraka, ingawa najua ndicho kinachowasumbua wengi. Dawa ya kutapika hunywewa kabla ya kutapika, kwa saa zilizoandikwa. Ukingoja mpaka moyo uchafuke umechelewa, na kidonge chenyewe kitatoka. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilikuwa adui yetu, nikahamishia jiko la mkaa nyuma ya nyumba upande wa upepo unakokwenda. Kikombe cha chai ya tangawizi kilimsaidia asubuhi. Mlo mdogo mara sita badala ya sahani kubwa mara mbili, kwa sababu sahani ikijaa anashiba kwa macho. Chakula cha uvuguvugu kina harufu kidogo kuliko cha moto. Cha baridi kingefaa zaidi, lakini kwenye FOLFIRINOX mna pia oksaliplatini, na ukinywa maji ya friji siku chache baada ya hiyo, koo linashikwa ganzi na unahisi kama pumzi inakata. Haikati, ila inatisha. Kwa joto letu hili, kumkataza mtu maji baridi ni adhabu. Mtungi uwe nje ya friji, basi.

Vidonda vya mdomoni: kusukutua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, mswaki laini, na ukwaju, ubuyu na ndimu vingoje vipone.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi za hospitali, nalo ni ugomvi wa "kula". Kila mgeni anayeingia anasema, "Kula, baba, upate nguvu." Dada zake walikuja na kuku wa kienyeji kutoka Singida, wakakaa kumzunguka wakimtazama kijiko kinavyopanda. Alikuwa anakula mbele yao kisha anakwenda kutapika nyuma, ili wasiumie. Nami nilikuwa mbaya kuliko wao. Siku moja nilimfokea kwa sababu ya bakuli la uji. Akaniambia, "Mama Neema, mimi si mtoto wa darasa la pili. Sikatai chakula chako. Chakula kinanikataa mimi." Niliandika maneno hayo kwenye safu ya "alichokula", kwa sababu siku hiyo hakula. Tangu hapo nilikuwa naweka bakuli, nafunika, naondoka. Mara nyingi nilirudi nikakuta limepungua.

Miti shamba: wapo waliotuletea mizizi ya kuchemsha, kwa upendo kabisa. Sikuwadharau, ila sikumpa, kwa sababu nyingine huharisha na nyingine hugombana na dawa kwenye ini, na hapo daftari lingesema uongo. Ukimpa, mwambie daktari. Hatakupiga.

Yale ya kukimbilia hospitali bila kusubiri kliniki nimeyaandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi mtakazopewa: joto la mwili kufika nyuzi 38, kutetemeka, damu kwenye choo au matapishi, kushindwa kubakiza hata maji, kizunguzungu akisimama, mkojo kuadimika, macho kuwa ya njano na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Homa wakati wa kemo haisubiri asubuhi. Siku tuliyoipuuza, tukampa panadoli tukalala, tuliamka na mtu asiyetutambua. Alipona ile, lakini tuliponea chupuchupu.

Baba Neema alifariki mwezi Mei mwaka jana. Alipata mizunguko tisa ya kemo. Daktari wetu alisema bila rejesta ile wangesimamisha mapema zaidi, kwa sababu waliweza kupunguza kipimo cha dawa moja badala ya kuacha zote. Alikuwa na ekari moja na nusu ya zabibu kule Hombolo, na kwa miezi yote hiyo alikuwa hawezi hata kuzinusa. Ukurasa wa mwezi Machi kuna mwandiko usio wangu, umelala upande kama wa mtu aliyeandika kitandani. Safu ya alichokula inasema: "Zabibu saba." Safu ya kutapika inasema: "Hapana." Safu ya choo ameiacha wazi na kuandika pembeni, "Nitajaza kesho, Mwalimu."

Nimechapisha karatasi zenye mistari ileile, ziko mezani pale mlangoni, chukueni za kutosha mwezi mzima. Wauguzi wako nyuma kwa mwenye swali asilotaka kuuliza kwa kipaza sauti. Na vyoo vya ukumbi huu viko upande wa kushoto mkitoka, vina maji na sabuni, nimevikagua mwenyewe. Hakuna haja ya kuomba ruhusa.